Kukadiria Si Kubahatisha: Somo Kutoka kwa Galaksi za Mbali

Mnunuzi hodari wa maembe hahitaji kisu. Afikapo sokoni hulitazama embe rangi yake, akalikagua karibu na kikonyo, akauliza ni la aina gani, kisha akaamua kama limeiva au bado lahitaji siku tatu. Mara nyingi huwa sahihi. Mara chache hufika nyumbani, akalikata, akakuta nyama yake ingali nyeupe na chachu. Akiwa mtu wa kutafakari, hatamlaumu muuzaji peke yake, bali atajiuliza ni ishara gani aliyoisoma vibaya. Yako maembe, kama yale ya aina ya Keitt, ambayo husalia na rangi ya kijani hata yakiwa yameiva barabara. Asiyejua aina ya embe atadanganywa na rangi yake.

Nimeanzia sokoni kwa makusudi, kwani jambo ninalodhamiria kulijadili leo liko mbali mno na soko, na lingeweza kumtisha msomaji. Wanaastronomia wa zama zetu hukabiliwa na tatizo lile lile la mnunuzi wa maembe. Mbele yao wana orodha za galaksi zinazohesabika kwa mamilioni, na wanataka kujua kila moja iko umbali gani. Hawana muda wala vyombo vya kuikata kila moja. Kwa hiyo huitazama rangi yake, wakaiachia programu ya kompyuta kazi ya kukadiria. Hoja yangu ni kwamba katika kazi hiyo limo somo ambalo walimu na wanafunzi wetu wanalihitaji kuliko wanavyodhani: kwamba makisio ni elimu halali, na kwamba makisio yasiyotaja kiasi cha mashaka yake si elimu bali ni ramli.

Hebu tuanze na msingi. Nuru ya galaksi ikipitishwa katika chombo kinachoitenganisha kwa rangi zake, kama mvua inavyoutenganisha mwanga wa jua ukawa upinde, hutokea spektra. Ndani ya spektra hiyo huwamo mistari ambayo kila elementi huiacha mahali pake maalumu, mfano wa alama ya kidole. Hidrojeni, kwa mfano, ina mstari mmoja mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3 unapopimwa katika maabara hapa duniani. Tukiutazama mstari huo katika galaksi fulani tukaukuta kwenye nanomita 721.9, tunajua kwamba mawimbi yamerefushwa kwa sehemu moja ya kumi. Tunasema galaksi hiyo ina mhamo wa wekundu wa 0.1, yaani nuru yake imesogea kuelekea upande mwekundu wa spektra.

Mtu wa kwanza kuupima msogeo wa namna hii katika galaksi alikuwa Mmarekani Vesto Slipher, katika kituo cha Lowell, Arizona. Mwaka wa 1912 alianza kuipiga picha spektra ya galaksi ya Andromeda, akaiona inatukaribia kwa kasi ya takriban kilomita 300 kwa sekunde. Lakini alipoendelea na nyingine, hali ilibadilika. Kufikia mwaka wa 1917 alikuwa amepima galaksi 25, na kati ya hizo 21 zilikuwa zikitukimbia. Kila spektra ilimgharimu saa nyingi za kuielekeza darubini mahali pamoja. Mwaka wa 1927 kasisi Mbelgiji Georges Lemaître alieleza kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka wa 1929 Edwin Hubble akaonyesha kwa vipimo kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Tangu hapo mhamo wa wekundu umekuwa kipimo chetu cha umbali na cha wakati pia, kwa kuwa nuru inayotoka mbali ni nuru iliyoanza safari zamani.

Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo penye shida. Kupata spektra nzuri ya galaksi hafifu kwahitaji darubini kubwa na muda mrefu, kwa sababu nuru kidogo inayofika hugawanywa katika vipande vingi vyembamba. Kupiga picha kupitia kichujio cha rangi ni kazi rahisi zaidi, maana nuru haigawanywi sana, tena picha moja hunasa maelfu ya galaksi kwa mpigo. Matokeo yake ni kwamba picha zimezitangulia spektra kwa mbali. Mradi wa Sloan Digital Sky Survey, ulioanza upimaji wake mwaka wa 2000 kwa darubini ya mita 2.5 iliyoko New Mexico, umeorodhesha mamia ya mamilioni ya vitu vya angani kwa vichujio vitano vya rangi. Spektra zake ni milioni chache tu. Mwezi wa Desemba 1995 darubini ya angani ya Hubble ilielekezwa kwenye kipande kidogo cha anga kwa siku kumi, na picha iliyopatikana ikaonyesha galaksi zipatazo 3,000. Nyingi miongoni mwazo zilikuwa hafifu kiasi kwamba darubini za ardhini za wakati ule zisingeweza kuzipatia spektra.

Je, galaksi hizi zisizo na spektra tuziache bila umbali? La hasha! Mwanaastronomia William Baum, aliyetumia darubini ya mita tano ya Palomar huko California, alikwisha kuonyesha njia miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipima mwangaza wa galaksi kupitia vichujio tisa, akapata picha ya jumla ya jinsi nuru inavyopanda na kushuka kutoka rangi moja hadi nyingine, kisha akatazama picha hiyo imesogea kiasi gani ikilinganishwa na ya galaksi za karibu. Kwa kundi moja la galaksi za mbali alipata mhamo wa 0.44. Spektra ilikuwa imetoa 0.46. Hakuikata embe, lakini aliipata kwa karibu sana!

Ni ishara gani aliyoitegemea? Galaksi zenye nyota nyingi zilizozeeka hutoa nuru kidogo yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 400, kisha nuru hiyo hupanda ghafla kama ngazi baada ya hapo. Ngazi hiyo ikionekana kwenye nanomita 600, mawimbi yamerefushwa mara moja na nusu, na mhamo ni 0.5. Galaksi za mbali zaidi zina ngazi nyingine katika miali ya urujuanimno. Hidrojeni iliyomo ndani ya galaksi zenyewe, na ile iliyoko njiani kati yake nasi, humeza nuru yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 121.6, na iliyo fupi kuliko nanomita 91.2 humezwa karibu yote. Kwa hiyo galaksi inayoonekana katika kichujio chekundu na kupotea kabisa katika kile cha samawati huenda ikawa ya mbali mno.

Sasa tuitazame programu yenyewe inavyofanya kazi. Katalogi ya darubini ni jedwali. Kila mstari wa jedwali ni galaksi moja: namba yake, mahali pake angani, kiwango cha mwangaza wake katika kila kichujio, na pembeni mwa kila kiwango, kiasi cha kosa linalowezekana katika kipimo hicho. Programu hupewa pia violezo, yaani spektra za mfano za galaksi za aina mbalimbali: zilizozeeka, zinazozaa nyota, zilizofunikwa na vumbi. Kazi yake ni kukichukua kila kiolezo, kukisogeza kuelekea wekundu hatua kwa hatua, na katika kila hatua kuhesabu ni mwangaza gani ambao kila kichujio kingetoa. Kisha hulinganisha hesabu hiyo na vipimo vya katalogi. Tofauti ya kila kichujio hugawanywa kwa kosa la kipimo chake, ili kipimo kilicho thabiti kiwe na sauti kubwa kuliko kipimo cha kubabaisha. Mhamo unaotoa jumla ndogo kabisa ya tofauti hizo, zikiisha kuzidishwa kila moja kwa nafsi yake, ndio makisio bora.

Zipo programu nyingi za namna hii. Mwaka wa 2000 ilitoka ile iitwayo Hyperz, na mwaka uo huo Narciso Benítez akaeleza programu yake, BPZ. Mwaka wa 2008 ikafuata EAZY ya Gabriel Brammer na wenzake. Nyingine hazitumii violezo, bali hujifunza kutokana na mifano. Hupewa galaksi ambazo mhamo wake umekwisha kupimwa kwa spektra, zikautafuta uhusiano kati ya rangi na mhamo, kisha zikautumia kwa galaksi zisizo na spektra. Mojawapo ya za awali ni ANNz, ya Adrian Collister na Ofer Lahav, iliyotoka mwaka wa 2004. Hizi za pili ni hodari katika eneo walikotoka walimu wake, lakini zikipelekwa kwenye galaksi hafifu kuliko zile zilizofunzwa, hujibu kwa ujasiri ule ule huku hazijui zisemalo. Nani asiyemfahamu mwanafunzi wa aina hiyo?

Programu ya Benítez ina jambo moja ambalo ningependa mwalimu wa hesabu alitilie maanani. Herufi ya kwanza ya jina lake inamkumbuka Thomas Bayes, kasisi Mwingereza ambaye insha yake juu ya uwezekano ilichapishwa mwaka wa 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Kanuni yake yasema, kwa ufupi, kwamba ushahidi mpya usipimwe peke yake. Upimwe pamoja na yale tuliyokwisha kuyajua. Galaksi angavu sana ni nadra kuwa ya mbali mno. Kwa hiyo rangi zikikubaliana na majibu mawili, moja la karibu na moja la mbali, mwangaza wa galaksi hiyo huipa programu sababu ya kuegemea upande mmoja. Ndiye mnunuzi wetu anayeuliza kwanza ni embe la aina gani kabla ya kuiamini rangi yake.

Ndugu msomaji, nimesema majibu mawili, na hapa ndipo moyo wa jambo lenyewe ulipo. Ngazi ya nanomita 400 katika galaksi yenye mhamo wa 0.2 huonekana kwenye nanomita 480. Ngazi ya nanomita 121.6 katika galaksi yenye mhamo wa 3 huonekana kwenye nanomita 486. Kwa vichujio vitano vipana, ngazi hizi mbili zaweza kufanana kama pacha. Galaksi ya kwanza ilitutumia nuru yake takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita, nayo ya pili zaidi ya miaka bilioni 11 iliyopita. Programu ikichagua pacha asiyekuwa, haikosei kwa asilimia chache. Hukosea kwa zaidi ya nusu ya umri wa ulimwengu.

Programu iliyo njema haifichi hali hii. Badala ya namba moja, hutoa mchoro wa uwezekano: kilima kirefu penye mhamo wa 0.2 na kilima kifupi penye 3, au kinyume chake. Lakini mchoro huo huchukua nafasi kubwa katika faili, na msomaji mwenye haraka hutaka namba moja. Basi hushika kilele cha kilima kirefu, akakiandika kwenye jedwali lake kana kwamba kile kifupi hakikuwapo kamwe. Kosa hapo si la mashine. Mashine ilisema kweli yote, ila mwanadamu akachukua nusu.

Kuna mitego midogo pia, nayo huwanasa wengi kuliko ile mikubwa. Katika utaratibu wa BPZ, galaksi isiyoonekana kabisa katika kichujio fulani huandikiwa 99 mahali pa kiwango cha mwangaza, na ile ambayo haikupigwa picha kwa kichujio hicho huandikiwa -99. Hizo si vipimo, bali ni alama. Ya kwanza yasema, "tulitazama, hatukuona", na ya pili yasema, "hatukutazama". Mwanafunzi asiyesoma maelezo ya katalogi huzipeleka namba hizo katika hesabu zake kama vipimo vya kawaida, naye hupata majibu ya ajabu yenye desimali nne, yaliyopangwa vizuri, yasiyo na maana yoyote. Aidha, asiposahihisha vumbi la galaksi yetu wenyewe, ambalo huifanya nuru ipitayo ionekane nyekundu kuliko ilivyo, atakuwa anapima vumbi la nyumbani akidhani anapima umbali wa ugenini. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na kusoma maelezo ya katalogi ni kuuliza.

Mtu atasema kwamba haya ni mambo ya wanafunzi, wataalamu hawakosei. Acha nimkumbushe yaliyotokea juzi tu. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ilianza kazi ya kisayansi katikati ya mwaka wa 2022. Katika wiki zile za kwanza watafiti walizikimbilia picha zake, wakaziendesha programu zao, na makadirio ya kustaajabisha yakaanza kutoka. Galaksi moja, iliyoorodheshwa kwa namba CEERS-93316, ilikadiriwa kuwa na mhamo wa takriban 16.4. Maana yake ni kwamba nuru yake ilitoka wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa takriban miaka milioni 250 tu. Habari hiyo ilienea duniani kote, kwa kuwa galaksi angavu kiasi hicho, mapema kiasi hicho, ingewatia mashakani wote walioamini kwamba wanajua jinsi galaksi zilivyozaliwa.

Hata hivyo, si wote waliokubali upesi. Mwaka uo huo wa 2022, Rohan Naidu na wenzake waliichunguza galaksi hiyo hiyo wakaandika wazi kwamba rangi zake zakubali majibu mawili, karibu 17 au karibu 5. Wakaongeza jambo ambalo mnunuzi wetu wa maembe angelielewa mara moja: majirani wa galaksi hiyo angani walielekea kuwa katika mhamo wa 5. Mapema mwaka wa 2023 darubini ya Webb ilirejeshwa kuitazama galaksi hiyo, safari hii kwa chombo cha spektra. Embe likakatwa. Mhamo ulikuwa 4.9. Nuru yake ilitoka ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban miaka bilioni 1.2. Galaksi ile ilikuwa na vumbi, na mistari mikali ya hidrojeni na oksijeni ilikuwa imeangukia ndani ya vichujio kadhaa kwa namna ya kuiga ngazi ya galaksi ya mbali. Galaksi nyingine ya utafiti huo huo, iliyokuwa imekadiriwa karibu 12, ilipimwa ikakutwa 11.4. Makisio yake yalisimama.

Tujifunze nini hapo? Wapo watakaosema kwamba kisa hiki chaonyesha programu hizi hazifai. Sikubaliani nao. Programu ziliipata galaksi ya 11.4 miongoni mwa maelfu, na bila ya makadirio hakuna ambaye angejua pa kuielekeza darubini ya spektra. Wengine watasema kwamba kosa limerekebishwa, basi yaishe. Nao pia sikubaliani nao, kwa kuwa halikurekebishwa kwa bahati. Lilirekebishwa kwa sababu waliokadiria walizichapisha hesabu zao zote hadharani, wengine wakaweza kuzirudia, kukionyesha kile kilima cha pili, na kupendekeza jaribio ambalo lingetoa hukumu. Makisio yaliyoandikwa kwa uaminifu huwa na mlango wa kuyasahihisha. Yaliyoandikwa kama amri hayana mlango huo.

Nikiyatazama madarasa yetu naona tumewalea vijana katika imani tofauti. Kwa mtahiniwa wetu, swali lina jibu moja, nalo limo katika karatasi ya msahihishaji. Akiandika "takriban" hudhaniwa kuwa hana hakika na somo lake. Katika maabara ya fizikia, mwanafunzi anayejua jibu linalotarajiwa huvipindua vipimo vyake mpaka vilingane nalo, naye husifiwa kwa usahihi. Yule aliyeandika alichokiona, pamoja na kiasi ambacho rula yake yaweza kukosea, hupoteza alama. Je, kijana aliyefundwa hivyo akipewa programu inayotoa namba yenye desimali nne, ataiuliza maswali gani? Ataipokea kama alivyolipokea jibu la msahihishaji.

Na programu za kukadiria haziko kwa wanaastronomia pekee. Utabiri wa mvua ni makisio. Tathmini ya mavuno ya mahindi kutokana na picha za setilaiti ni makisio, tena yanayotumia vichujio vya rangi vile vile. Ugonjwa hukadiriwa na mashine hospitalini, na uwezo wa mtu kulipa mkopo hukadiriwa na simu iliyo mfukoni mwake. Mara nyingi namba hizo hutufikia zikiwa uchi, bila kiasi cha mashaka wala kilima cha pili. Raia ambaye hajawahi kufundishwa kuuliza "kwa kiasi gani mwaweza kukosea?" atatawaliwa na namba za watu wengine. Ndiyo sababu nasema jambo hili si la nyota peke yake.

Lakini kwa nini tujifunzie kwenye galaksi, na si kwenye mahindi? Sababu ya kwanza ni kwamba data hizi ziko wazi. Katalogi za Sloan hutolewa kwa umma bila malipo, na mwanafunzi wa Kakamega au Kilifi mwenye kompyuta ya kawaida na mtandao wa intaneti huzipata sawasawa na profesa wa Chicago. Programu kadhaa kati ya nilizozitaja nazo ziko wazi, na msimbo wake waweza kusomwa mstari kwa mstari. Sababu ya pili ni kwamba katika galaksi tunaweza kujisahihisha wenyewe. Hakuna anayepata hasara tukikosea, na spektra ziko pale pale zikitungoja kutuhukumu.

Ningependekeza zoezi lifuatalo kwa mwalimu wa chuo, au hata wa shule ya upili aliye na wanafunzi wenye ari. Wachague galaksi mia chache za Sloan zilizo na vipimo vyote viwili, rangi tano na spektra. Waifiche safu ya spektra. Waendeshe programu, au waandike yao wenyewe iliyo sahili, wapate makadirio. Kisha waifunue safu iliyofichwa. Kwa kila galaksi wachukue tofauti kati ya makisio na kipimo, waigawanye kwa moja jumlisha mhamo uliopimwa, na wahesabu ni ngapi zimevuka 0.15. Hicho ndicho kiwango ambacho wanaastronomia wengi hukitumia kuyatambua makosa makubwa kupindukia. Halafu lije swali lililo gumu kuliko yote: je, programu ilipokosea, ilikuwa imewaonya? Kilima kilikuwa kimoja au viwili? Vipimo vilikuwa thabiti au vya kubabaisha? Mwanafunzi apewe alama kwa jibu la swali hilo, si kwa uchache wa makosa.

Atakayelifanya zoezi hilo atagundua pia thamani ya ushahidi mwingi. Katika eneo la anga liitwalo COSMOS, watafiti walitumia vichujio 30, na mwaka wa 2009 wakaripoti kwamba kwa galaksi angavu za eneo hilo kosa la kawaida lilikuwa takriban 0.007 ya moja jumlisha mhamo. Si kwamba programu yao ilikuwa na akili kuliko za wengine; ilikuwa na mashahidi wengi zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi hii haitapungua miaka ijayo. Kituo cha Vera Rubin, kilichojengwa juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, kilitoa picha zake za kwanza mwezi wa Juni 2025. Kina kioo cha mita 8.4 na vichujio sita, na kimekusudiwa kulipima anga la kusini kwa miaka kumi. Galaksi zinazotarajiwa katika katalogi yake zafikia mabilioni. Zitakazopata spektra zitakuwa sehemu ndogo mno. Elimu ya kizazi kijacho kuhusu jinsi ulimwengu unavyopanuka itasimama, kwa sehemu kubwa, juu ya makadirio ya programu hizi. Msingi huo utakuwa imara kadiri watu watakaoziendesha watakavyokuwa waaminifu.

Kwenu walimu, nawasihi msiwaogopeshe vijana na neno "takriban". Wafundisheni kulisema kwa kipimo: takriban kiasi gani, na kwa sababu gani. Nanyi wanafunzi, mkipewa jibu na kompyuta, lipokeeni kama mnavyolipokea embe mkononi mwa muuzaji mwenye maneno matamu. Litazameni rangi, ulizeni aina yake, na mkumbuke kwamba bado halijakatwa. Hakuna aibu katika kukadiria, na hakuna aibu katika kukosea kwa kiasi ulichokwisha kukitaja. Aibu ni ya yule aliyekiona kilima cha pili akanyamaza.